Stelingi wa Erdington

Benchi letu liko Erdington High Street, huku kwa Malkia, mbele ya duka la simu la Narinder, anayetuvumilia kwa sababu tunamnunulia kadi za kupigia nyumbani. Kahawa naleta mimi, kwenye chupa iliyozunguka nami Maskati, Rotterdam na Copenhagen. Wananiita Kapteni, ingawa melini nilikuwa muosha masufuria. Mugo, Mkenya anayetunza wazee kwenye makao yao, tunamwita Daktari. Idd wa Unguja, mfunga mizigo wa ghala moja kule Aston, hakuwa na jina la kijiweni hadi Jumapili moja ya Machi 2006, alipotufikia na viatu vinavyolia ko, ko, ko.

— Umekuwa punda wa gari? — nikamuuliza.

— Nimepigisha vyuma kwenye soli. Shemsa anafika Alhamisi. Viza imetoka.

Nikammiminia kahawa. Miaka saba alikuwa akimsubiri mkewe.

— Hongera, ndugu yangu. Lakini vyuma vya nini?

— Si huyu Daktari aliyen'azima zile kanda za Hollywood ya zamani? Stelingi akimwona mkewe stesheni hababaiki kama mie. Anafungua mdomo, wimbo unatoka, miguu inajibu, mpaka wachukuzi wanaitikia.

— Sterling? — Mugo akashangaa. — Ya pauni?

— Stelingi, bwana. Mwenyewe wa picha. Yule asiyekufa.

— Aa, starring. Sasa hiyo kitu ni uongo, Idd. Wazee wangu wanawekewa hizo movie kila mchana, mimi nazijua. Hao watu wamefanya mazoezi miezi, na bendi imefichwa nyuma ya ukuta.

— Ukuta gani? Juzi walicheza juu ya paa.

— Basi iko ndani ya dohani.

— Watu arubaini na piano?

— Ni Amerika, wako na dohani kubwa.

Nikaona elimu inapotea, nikaingilia kati.

— Nisikilizeni mimi niliyetembea dunia. Siri ni simu. Zamani simu hakuna. Mtu anakaa na maneno kifuani mwaka mzima, yanachacha kama togwa. Siku akifungua mdomo, yanafumka na ngoma zake, na tarumbeta, na wale wasichana ishirini wenye manyoya.

Nilitaka wacheke. Mugo alicheka. Idd aliangalia viatu vyake.

— Basi mie nimekwisha — akasema. — Kila Jumapili nampigia. Karatasi za viza, ada ya watoto, dawa ya mama, kadi imekatika. Maneno yote nimeyamaliza kwenye kadi. Alhamisi nitasimama pale uwanja wa ndege, nimwambie nini? Hujambo, mzigo wako uko wapi?

— Umwimbie — Mugo akasema, safari hii bila mzaha. — Hata vibaya.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa dada wa Kikenya mwenye sare ya unesi, akingoja basi. Tulidhani hasikilizi. Akajitambulisha kwa jina la Zilpah, akaomba radhi, akauliza:

— Na huyo Shemsa mwenyewe, anapenda wimbo gani?

Mugo akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Idd. Nimekaa bandari tisa, na katika hizo zote sikuwahi kumwuliza mwanamke swali hilo. Ndiyo maana kahawa naipika mwenyewe.

— Alikuwa akiimba akifua — Idd akasema. — Uani, kila Ijumaa. Wimbo uleule.

— Upi? — Zilpah akauliza.

Idd akafungua mdomo. Tukangoja. Basi likaja, likafungua mlango, likaondoka, na Zilpah hakulipanda.

— Sijui, dada — akasema. — Nilikuwa namwambia apunguze sauti, nasikiliza taarifa ya habari.