Chepeo Iliyonipeleka Sala ya Ijumaa

Ndugu zangu wa Kaole, na ninyi mliotoka Bagamoyo mjini na Mapinga kuja kula sadaka hii, amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yenu! Alhamdulillahi! Kabla sahani hazijaletwa nimeomba nisimame kidogo, maana neema aliyonitendea Mola haitaki kukaa kifuani mwangu peke yake.

Mnanijua. Mimi ni Mbaraka, mwana wa Mwanahawa, mshona kofia. Na wageni nao wananiona: ngozi nyeupe, nywele rangi ya mkonge, macho yasiyotulia mahali pamoja. Nilipozaliwa, watu walisema zeruzeru hafi, siku moja hutoweka tu. Ndugu zangu, mvi zimeshaniingia, ingawa kwa nywele hizi hakuna anayeziona, na bado nipo. Nikitoweka leo, nitafuteni jikoni kunakonukia pilau.

Nilikulia ndani ya nyumba. Si kwamba mama yangu aliniona aibu, hapana. Alinificha jua. Jua letu hili likinipiga kitambo tu, ngozi huwiva, ikatoka malengelenge, halafu vidonda. Basi wenzangu wakienda kwenye minazi, mimi nilibaki chumbani nikisuka ukili wa mikeka. Alfajiri nilikwenda msikitini na baba, na usiku vilevile. Adhuhuri niliisali kando ya kitanda. Na Ijumaa, siku ambayo hata mvivu huoga akavaa kanzu, mimi nilisikia adhana, nikasikia makubadhi ya watu yakipita nje ya dirisha langu, kisha kimya. Kimya kile kiliniuma kuliko jua lenyewe.

Baba yangu alifariki asubuhi, akazikwa mchana. Mama aliniambia nimwombee nikiwa ndani. Nilijikaza mpaka sauti za wanaume zilipofika kwenye kona. Hapo nikafungua mlango, nikatoka kichwa wazi, nikakimbia. Jeneza la baba nililibeba, ndugu zangu. Bega langu lilikuwa chini yake, na hilo silijutii hata leo. Lakini kurudi nilirudishwa nikishikiliwa na watu wawili. Masikio, shingo, uso, vyote vilichubuka. Nililala kifudifudi juu ya majani ya mgomba, homa imepanda, mama akinipaka mafuta ya nazi kwa unyoya wa kuku.

Nilipopata nafuu, mama alikaa kando yangu akasema, "Mwanangu, nimezika mume. Usinifanye nizike na mtoto. Niahidi hutatoka tena mchana."

Nikamwahidi. Ningemjibu nini? Lakini alipoondoka nikaona mlango wa maisha yangu umefungwa kabisa. Nikaomba. Nikamwambia Mola, sikuombi ngozi nyingine, hii umenichagulia wewe. Nipe tu njia ya kufika nyumbani kwako mchana kama watu wengine.

Na Mola akajibu! Mjomba wangu Sefu, kaka yake mama, alikuwa akishona maturubai ya malori kule mjini. Aliponiona nakonda, akaniletea gunia la vipande vya marudufu, kile kitambaa kigumu cha mahema, na vipande vya ngozi ya ng'ombe, pamoja na sindano na uzi, ili nipate kujishughulisha. Nikaanza kufikiri nishone nini. Ukutani palikuwa na kofia ya babu yangu mzaa mama, aliyekuwa askari zama za Mjerumani. Mende walikuwa wameshaitafuna, lakini nyuma ilikuwa na pazia la kufunika shingo. Nimeiona maisha yangu yote. Siku ile ndipo nilipojiuliza: shingo ya babu ilikuwa ikifunikwa isipigwe na nini, kama si jua hilihili?

Nikaishusha, nikaifumua mshono kwa mshono ili nijue ilivyokatwa. Mama alipoikuta kofia ya baba yake imelala vipande vipande mkekani, aliniambia nisimsemeshe mpaka hasira imshuke.

Macho yangu hayaoni vizuri, kwa hiyo nilishona kwa vidole. Nilitoboa ngozi kwa msharasi, sindano ile nene ya washona viatu, nikapaka uzi nta ili usikatike. Kofia ya kwanza ilinizama mpaka puani. Mama akacheka, na hakuwa amecheka tangu msiba. Nikafumua, nikashona, nikafumua tena. Mwishowe ikapatikana chepeo hasa: juu marudufu ya mikunjo miwili, mbele ukingo mpana wa ngozi wa kutia uso kivuli, na pazia la kushuka masikioni na shingoni.

Mjomba Sefu aliipokea akaigeuzageuza, akapitisha ukucha kwenye mshono. "Nani kakufundisha kukata hivi?"

"Babu," nikamjibu.

Babu alikufa kabla sijazaliwa. Mjomba akageuka kutazama ukutani, mahali kofia ya baba yake ilipokuwa ikining'inia.

Lakini ahadi ni ahadi. Ilipofika Ijumaa, adhana ikasikika, nami nikakaa kitandani nimevaa kanzu, chepeo mapajani. Mama akaingia. Akaichukua, akanivika kwa mikono yake, akashusha pazia, akaingiza vidole kupima jua lingepenya wapi. Halikuwa na pa kupenya.

"Nenda," akasema. "Ahadi yako nimekurudishia."

Ndugu zangu, nilitembea mchana! Mikono nimeirudisha ndani ya mikono ya kanzu, uso uko kivulini, naitazama njia ya msikitini, niliyoizoea gizani tu, sasa ikiwa na rangi. Msikitini nikasahau kuivua. Nilipokwenda sijida, ukingo ukagonga mkeka, chepeo ikaruka ikaangukia safu ya mbele. Baada ya sala imamu aliniletea mwenyewe. "Humu ndani huna haja nayo," akaniambia. "Ila ukifika nje usiivue." Msikiti mzima ukacheka, nami nikacheka nikilia.

Tangu hapo wavuna chumvi wa Bagamoyo, ambao jua huwapiga kutoka juu na, kwa weupe wa chumvi, kutoka chini pia, wakataka chepeo kama yangu. Wakafuata madereva wa malori na mataniboi wao. Riziki ikafunguka, nikaoa, nikajenga.

Majuzi akaja mama mmoja kutoka Ubena, amepanda lori, mgongoni amebeba mtoto aliyefunikwa kanga gubigubi. Alipomfunua, nikaona msichana mdogo, mweupe kama mimi. Yule mama akasema akiangalia chini, "Baba, wananiambia hawa hawakui. Wangu atakua?"

Nikamwambia, "Mama, nitazame mimi."

Akainua macho, akanitazama. Akaniangalia makunyanzi ya uso, akaangalia watoto wangu waliokuwa mlangoni, akaketi palepale chini akalia, na kilio chake kilikuwa cha furaha. Nikamshonea binti yake chepeo ndogo kwa ngozi laini ya mbuzi. Mtoto akatoka uani mchana kweupe, mikono yake tumeifunika kwa kanga ya mama yake, akaanza kufukuza kuku, na hatukuweza kumrudisha ndani. Sadaka hii ya leo ni shukrani yangu kwa kuona jambo lile.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyefungiwa na jambo lolote, mtegemee Mola. Mwombe njia, naye huitoa hata kwenye gunia la vipande. Na kama nyumbani kwako kuna mtoto unayemficha jua, usingoje. Mlete nimpime kichwa. Mlango wangu siku hizi uko wazi mchana kutwa.