Samaki wa Kuchoma: Sifuri

Kijiwe cha Miburani kina kiti kimoja tu cha heshima, nacho ni kiti cha nyuma cha Land Rover iliyokufa zamani. Asubuhi hiyo alikikalia Taufiki, aitwaye Digrii kwa kuwa anayo na haimlishi, dodoso la ishirini likiwa mapajani. Miaka minne tangu avae joho Dodoma, ndiyo kwanza kapata kibarua cha majaribio: kuwauliza watu wanakula nini, ili watafiti wajue vyakula gani vinaandamana na saratani. Kumi na tisa alikwishajaza. Msimamizi kampigia mapema: “Bro, watu kumi na tisa wa kisiwani, samaki wa kuchoma sifuri? Are you serious? La ishirini likija hivyo, nafasi nampa mwingine. Na usibadili neno, soma swali kama lilivyoandikwa. Saa nne nakupigia.”

Pembeni yake Muhidini, wanayemwita Rada kwa kujua kila kipitacho angani, alishushia kahawa kipande cha samaki changu kilichoungua mpaka kikawa cheusi kama tairi.

— Rada, kwa wiki unakula samaki wa kuchoma mara ngapi?

— Wa kuchoma? Hata siku moja.

— Na hicho unachotafuna?

— Hiki cha kubanika, bwana. Kinachochomwa ni sindano.

Mzee Ghalib, karani mstaafu waliyembandika jina la Waraka, aliweka kikombe chini.

— Unamuuliza Kiswahili cha Dodoma. Muulize cha hapa.

— Hairuhusiwi, mzee wangu! Standardized questionnaire! Neno lile lile, kutoka Kigoma mpaka hapa.

— Basi mnapima neno. Samaki hamjampima.

Taufiki aliwaona tena wote kumi na tisa, vidole vina masizi, wakimpungia hapana. Na yeye mzaliwa wa Baleni, humu humu kisiwani, kakulia samaki wa kubanika tangu meno ya kwanza! Chuo kimempa “carcinogen”, kiletacho saratani, kikamnyang'anya neno la jikoni kwa mama yake. Hasira zikampanda, asijue amtukane nani.

— Haya, ukubwa wa kipande. Picha A, B au C?

Rada aliinamia karatasi.

— Kichwa chake kiko wapi?

— Hakina kichwa. Ni fillet, mnofu mtupu.

— Mimi naanza na kichwa. Andika hakuna picha.

— Hakuna kisanduku cha “hakuna picha”!

— Unaona? Rada akashusha sauti. Samaki geresha tu hao. Wana setilaiti inahesabu moshi, nyumba kwa nyumba. Imeona mwingi, sasa wanawatafuta wenye moshi.

— Wewe nawe! alidakia Waraka. Huu ni mtihani wa nidhamu. Ukisema unakula sana, linafunguliwa faili. Siku ukiugua unatolewa karatasi: si ulisema mwenyewe? Ndiyo maana watu wanajibu sifuri. Wana akili.

— Mzee, hata majina hatuandiki!

— Hata majina? Basi mgonjwa mtamjuaje?

Taufiki alikagua ukurasa wa kwanza. Kulikuwa na namba. Namba za nini, hakuwa na hakika tena.

Hapo akafika Mwanaharusi, mbanika samaki wa kona ya pili, kanga imelowa jasho, anadai sahani yake kwa Rada.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, binti yangu.

— Dada, alirukia Taufiki akifuta majibu ya Rada, saa ikiwa nne kasoro dakika mbili. Kwa wiki unakula samaki wa kuchoma mara ngapi?

— Wa kuchoma, wa kubanika, wote siwali. Wananitapisha tangu mimba ya pili.

Rada akacheka. Taufiki alishaandika sifuri.

— Ila moshi wao ndio chakula changu, mwaka wa kumi na moja huu. Kifua hakinilazi. Huo moshi, mdogo wangu, unauandika ukurasa gani?

Taufiki alipekua dodoso. Kukaanga, kuchemsha, nazi, chumvi, karanga zenye ukungu. Akapekua kwa kurudi nyuma. Waraka alisogea kumsaidia, Rada akaacha kutafuna.

Simu ikaita.

— Twenty imekamilika? msimamizi aliuliza.

— Bosi, kuna mama hali samaki, anakula moshi. Namtia ukurasa gani?

Taufiki akasikia, upande wa pili wa simu, karatasi zikipekuliwa.