Kijerumani cha Jikoni, Jumamosi Saa Tatu

Mheshimiwa Diwani, uliyekuja kwa pikipiki katika tope hili na bado shati lako ni jeupe, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule Ndugu Polycarp, Mwalimu Mkuu wetu Mwalimu Margareth, Katekista, wazazi wenzangu wa Mbulumbulu na wageni mliotoka Kansay kwa lori, nanyi watoto mlioambiwa mnyamaze mpaka wali uive. Nawasalimu kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili, maana hata mimi sina.

Kwa wasionijua, mimi ni Blandina, mama yake Eunike. Na kwa wasiomjua Eunike, kaeni vizuri, mtamjua sasa hivi.

Kamati imenipa kazi ya kumuaga Mzee Leonce, aliyewafundisha watoto wetu Kijerumani kila Jumamosi kwa miaka sita, na malipo yake yakawa maharage na shikamoo. Anahamia Babati kwa mwanawe kwa sababu chumba anachoishi hapa shuleni, kile cha pembeni chenye mlango mzima na kufuli, kamati imekitaka kiwe stoo ya mahindi ya uji. Gari la kumchukua linakuja kesho. Basi kabla halijaja, ndugu zangu, naomba tujue ni mzigo gani tunaoupakia.

Mwaka 1936 Mzee Leonce, akiwa na miaka kumi, aliingia jikoni kwa mama mmoja wa Kijerumani kwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani. Kazi yake kumenya viazi na kusugua masizi. Yule mama hakujua Kiswahili, na hakuwa na mpango wa kukijua. Miaka mitatu yote yaliyosemwa mle jikoni yalisemwa kwa Kijerumani, na yote yalikuwa amri. Vita vikaja, mama akaondoka, Mzee Leonce akarudi kulima ngano, na kwa miaka hamsini na sita hakupata mtu wa kuongea naye lugha ile isipokuwa punda wake. Lakini siku Mwalimu Margareth alipomwomba awafundishe watoto, alifungua kinywa na Kijerumani kikatoka chote, kama ng'ombe wanavyotoka zizini asubuhi, hakuna hata mmoja aliyepotea.

Nawauliza, nani kati yetu anacho alichojifunza mwaka jana? Mimi mwaka jana bwana shamba alinifundisha kutumia mbolea ya chumvichumvi. Leo sikumbuki hata mfuko niliuweka wapi. Ubongo wa mtu mzima ni kama dume la ng'ombe la miaka sita ambalo halijawahi kufungwa nira: ukilifunga leo, linakupeleka wewe kulima kwa jirani. Mtoto ni ndama. Mvishe nira angali anaona ni mchezo.

Nayasema haya kwa ushahidi, si kwa kusikia. Nilikwenda mwenyewe darasani, nikakaa dawati moja na Eunike, miezi miwili. Yeye alikuwa na miaka sita, mimi thelathini na nane na darasa la saba la zamani. Baada ya miezi miwili mwanangu alikuwa anamgombeza paka kwa Kijerumani. Mimi nilikuwa nimefika kuhesabu mpaka nne. Mpaka leo Mjerumani akija kwangu kununua mayai, namuuzia manne, hata kama anataka trei.

Sasa niseme ukweli, watoto wetu hawajui kusema karibuni Tanzania kwa Kijerumani. Mzee Leonce hakufundishwa hayo, atayatoa wapi? Wanachojua ni: vua viatu, usiongee wakati wa kazi, hivi viazi umevimenya au umevitafuna, hakuna sukari mpaka nikague mikono. Kuna mzazi mmoja, simtaji, alisema hicho si Kijerumani, ni ukali tu. Huyo namjibu kwa kisa kimoja.

Masika ya mwaka juzi nilikuwa kwenye lori na Eunike, tunakwenda Karatu kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa dada yangu Marsela anayeolewa. Mapajani nina sufuria la makande ya watu thelathini. Tulipokaribia Rhotia, tukakuta gari la watalii limezama kwenye tope katikati ya barabara. Dereva wao Dennis, kijana wa Moshi mwenye adabu zake, alikuwa anawaomba wageni kwa Kiingereza washuke, gari liwe jepesi, wasaidie kusukuma. Lakini walikuwa wazee wa Kijerumani, na Kiingereza hawakisikii. Kila akiomba, wanatabasamu na kumpiga picha. Geti la Ngorongoro linafungwa saa kumi na mbili, na kijana wa watu alishaanza kuona kazi yake inazama pamoja na matairi. Kwa upande wetu sendofu ilikuwa imeanza, na makande yanapoa.

Mwanangu akashuka. Ana miaka tisa, gauni la kitenge, viatu kashika mkononi. Akagonga kioo cha gari, akasema kwa sauti ya yule mama wa shamba la kahawa ambaye hakuwahi kumwona: shukeni, vueni viatu, hakuna kuongea wakati wa kazi.

Ndugu zangu, wazee saba walishuka kama darasa la kwanza waliosikia kengele. Soksi zikavuliwa. Hakuna aliyeuliza. Wakasukuma kimya kimya, na gari likatoka.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini kwa Mzee Leonce somo haliishii hapo, kwa hiyo Eunike hakujua kwamba unaweza kuishia hapo. Akawaambia wanawe, kisha akawapanga mstari, wanyooshe mikono. Wakanyoosha. Mwenye koti la njano alirudishwa kunawa tena. Mwisho wa mstari nikamwona Tajewo, mzee wa Kimasai tuliyepanda naye lori, anarudi kwao Olbalbal na mbuzi wawili. Naye kanyoosha mikono. Nikamuuliza, wewe Kijerumani umekijulia wapi? Akanijibu, "Mama, ile sauti haina haja ya kutafsiriwa."

Miezi mitatu baadaye barua ikaja hapa shuleni kutoka kwa bibi mmoja kati ya wale saba. Alikuwa ametafuta mtu wa kumwandikia kwa Kiswahili, na Eunike akatusomea, huku nikimshika begani ili watu wajue ni wa kwangu. Yule bibi aliandika: "Tangu mama yangu afariki hakuna mtu aliyeniagiza kunawa mikono. Nilinawa huku nacheka na kulia."

Ndugu Polycarp, ulisema kikaoni kwamba lugha ya nje itawafanya watoto wadharau ya kwao. Sikulaumu, hata mimi niliogopa. Lakini njoo nyumbani kwangu umwone mama mkwe wangu, Bibi Eva. Zamani alikuwa analalamika kwamba hakuna mjukuu anayeongea naye Kiiraqw, lugha ya kwetu, wote wanamjibu kwa Kiswahili cha shule. Eunike alipoanza Kijerumani akagundua kwamba kumbe kila kitu kinaweza kuwa na majina matatu. Sasa anamfuata bibi yake kuanzia kukamua mpaka kulala: bibi, hiki kwetu kinaitwaje, na kile je, na zamani mlikiitaje? Juzi Bibi Eva kaniambia nimwombee mtoto apate kazi ya mbali.

Limebaki suala la mahindi. Siyadharau. Mtoto mwenye njaa hajifunzi Kijerumani wala Kiiraqw, na panya wa hapa hawamwogopi Diwani. Mahindi yanataka chumba chenye sakafu ya saruji, nondo dirishani na kufuli. Wote mnajua, kwa sababu nimewaambia wote, kwamba nyumba yangu mpya ina sebule ya namna hiyo, hatua mia mbili kutoka hapa, na kwamba inasubiri makochi kutoka Arusha. Makochi yamesubiriwa miaka mitatu. Yataendelea kusubiriwa. Sebule naitoa kwa shule, hadi mtakapojenga stoo.

Baba Eunike, kaa. Najua hukuambiwa. Tutaongea nyumbani, jikoni, maana sebule haipo tena.

Mwenyekiti, chumba cha Mzee Leonce unakihitaji bado? Sema mbele ya watu.

Anatikisa kichwa kwamba hakihitaji. Mwalimu Margareth, andika kwenye muhtasari upesi. Na wewe Mzee Leonce, hiyo sura ya huzuni ivue, mtumie mwanao ujumbe kwamba gari lisije.

Magunia ni ishirini na mawili, mvua inakuja, na wali bado haujaiva. Wanaume wenye mabega wanifuate sasa. Mheshimiwa Diwani, shati lako tutakuazimia kanga ulifunike. Nawashukuru nyote kwa masikio yenu, na sasa nawaomba migongo.