Kigoda Kilicholazwa Katika Kanisa la Zamani la Njombe

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Jioni hii tunamkumbuka Mama Tabea, aliyezikwa juzi Njombe. Na ukimtaja Tabea, umelitaja kanisa la zamani la usharika wa mjini: kuta za udongo, paa la nyasi, sakafu ya vumbi. Halikuwa na mabenchi. Kila muumini alikuja na kigoda chake.

Palikuwa na desturi. Mtu akisafiri, kigoda chake kililazwa ubavu mle mle kanisani. Hakuna aliyekikalia. Akirudi, alikisimamisha mwenyewe. Ikija habari ya kifo, ndugu walikibeba nyumbani.

Mumewe Tabea, Anania, alipanda lori Makambako, akaenda Tanga kukata mkonge. Kigoda chake kikalazwa. Barua haikuja. Habari ya kifo nayo haikuja.

Kisha usharika ukajenga kanisa jipya la matofali, kilimani. Hilo lina mabenchi. Jumapili ya kuhama, kila mtu alibeba kigoda chake. Mzee wa kanisa, Elieza, akamwambia Tabea, "Mama Ema, beba na cha mwenzako."

"Nikikibeba, nimemzika. Wewe umeliona kaburi?"

Elieza akabeba chake, akatoka.

Basi Tabea akabaki. Kila Jumapili alifagia, akaketi, akaimba peke yake. Aliimba sauti ya pili, kama alivyozoea kwenye kwaya. Sauti ya kwanza ilikuwa imehamia kilimani.

Kristina, dada yake Anania, alikuwa akipita mlangoni na kumtania. "Wifi, bado unasali na popo?"

"Popo hawagombei benchi!"

Wakacheka. Kisha Kristina akapanda kilima, na Tabea akabaki.

Nyasi za paa zikaoza, mvua ikaingia. Tabea alivisogeza vigoda viwili penye ukavu, akaendelea kuimba.

Binti yake, Ema, ametuambia: "Baada ya mazishi nilikwenda kule. Nimekibeba kigoda cha Mama. Cha Baba sikukigusa."

Pole sana, Ema, wewe na jamaa zako wote. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mlio mbali na kwenu, kila mmoja ajiulize usiku huu: nani amenilazia kigoda?

Najua redio hii inasikika Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Kama huko yuko mzee wa Kibena aitwaye Anania, aliyepandia lori Makambako, nakuambia wewe: mkeo ametangulia. Kigoda chako bado kimelazwa.