Elkanah Okumbo, Aliyemzika Mkewe kwa Kijerumani

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Ndhiwa, akina mama mliotoka Mbita alfajiri, na ninyi kastoma wa Ujerumani mnaotutazama kupitia simu ya Boaz, poleni nyote. Mimi ni Celestine Apondi, mke wa marehemu. Wasifu ulio kwenye programu mliyoshika uliandikwa na shemeji yangu Boaz. Huu ninaosoma nimeuandika mwenyewe. Boaz, keti tu. Nitasoma polepole na sitamtukana mtu.

Marehemu Elkanah Okumbo alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa hapa Ndhiwa, kifungua mimba wa marehemu mzee Nyangoro na marehemu mama Roseline. Mama mkwe wangu alikuwa akisema kwamba huyu mtoto alianza kuongea kabla ya kutembea. Siku moja alitumwa dukani kuleta sukari, akaila yote njiani, akarudi na maelezo matamu hivi kwamba mama akampa chai badala ya kiboko. Mimi husema hapo ndipo walipomharibu, lakini mama alicheka kila alipoisimulia, na sisi pia tulicheka.

Alisoma shule ya msingi pale ng'ambo ya soko, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1997. Lugha alipita zote. Hesabu tuiache. Mwaka uliofuata alikwenda Diani, akaajiriwa hotelini kubeba mabegi ya wageni, na huko akajifunza Kijerumani kwa masikio tu, bila mwalimu, mpaka akawa anawachekesha Wajerumani kwa lugha yao. Alirudi nyumbani mwaka wa 2008, akafungua ofisi ya chumba kimoja Mbita, nyuma ya duka la dawa.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo, kuzitafsiri kwa Kijerumani na kuwatafutia soko nje. Aliijua hiyo kazi, siwezi kumnyima haki yake. Wengine wanaitupia mashine maneno na kuchukua kinachotoka. Elkanah alikuwa anaketi na mtu, anamuuliza maswali mpaka chai inapoa. Alijua Mjerumani hataki kuambiwa kikapu ni kizuri. Anataka kujua upana wake, kinaoshwa vipi, na ni nani aliyekifuma. Alikuwa akisema, "Kikapu hata kwao kipo. Muuzie mtu." Shida ni kwamba watu wenyewe, vile tulivyo, hatukuwa tunamtosha. Mirumbe wa Ogwedhi anashona mishipi ya ngozi pamoja na ndugu zake wanne. Kwenye tovuti ya Kijerumani Mirumbe amebaki peke yake duniani, ndugu wote walikufa kwa ukame. Hao marehemu wanne wameketi pale nyuma na nimeona wameongezwa wali.

Tulifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2009, kanisani Mbita. Mungu akatupa Terry, kisha Bravin. Mimi ni nyar Rusinga, binti wa kisiwani, na nilikuwa nafuma vikapu vya magugu ya ziwani na kikundi cha akina mama, mwenyekiti wetu akiwa huyu Risper mnayemwona. Mwaka wa 2016 Elkanah akatutengenezea tovuti. Tukangoja mwaka mzima bila oda hata moja. Kisha mwaka wa 2017 oda zikaja, wacha! Tukafuma mpaka vidole vikavimba, na kanisani nikasimama kutoa ushuhuda kwamba Mungu amemwinua mume wangu. Sikujua kwamba ameinuka kwa kunizika.

Nilijua mwaka wa 2019, wakati bwana mmoja na bibi yake walipotoka Ujerumani kututembelea. Nikawapikia samaki wa ngege kule Mbita. Yule bibi alinishika mikono akalia, akanipa maua. Nikamuuliza Elkanah, "Huyu analia nini?" Akasema, "Amefurahia samaki." Baadaye tukapanda gari sote mpaka hapa nyumbani. Kushoto kwa nyumba yangu, mahali anapozikwa mke, nikaona tuta la udongo mbichi na msalaba mweupe. Terry alikuwa amejua kusoma. Akausoma kwa sauti: Celestine Apondi, amelala. Kisha akanigeukia akauliza, "Mama, huyu ni nani?" Yule bibi akaniomba niyaweke yale maua mimi mwenyewe, nikayaweka.

Wazee, mnajua maana ya kumchimbia mtu kaburi akiwa hai katika boma letu. Hata mlevi hafanyi mzaha huo. Aliyechimba ni Boaz, huyu mwenye tai ya samawati, na ninyi mlipita hapo mkaenda zenu.

Wageni walipoondoka nilimuuliza mume wangu. Akaniambia, "Celestine, usiwe hivyo. Ni biashara tu. Umekufa kwa Kijerumani peke yake. Hapa uko mzima."

"Na yule aliyewapikia samaki ni nani?"

"Dada ya marehemu. Wamekupenda sana!"

Nikakimbilia kwa Risper, nikidhani mwanamke mwenzangu atapiga kelele. Risper akanifuta machozi, akasema, "Aki nyar Rusinga, vumilia. Kufa kwako kunalipa karo ya watoto wetu." Ilikuwa kweli. Basi nikavumilia. Kila kikapu nilichofuma kilisafiri na kadi yenye picha yangu na mwaka niliofariki, na mimi ndiye niliyekuwa nazifunga hizo kadi kwa uzi.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka wa 2023. Tulikuwa tunampeleka Homa Bay kusafishwa damu, na wauguzi walijitahidi, Mungu awabariki. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani. Kastoma wakipiga simu ya video kumpa pole, alinitambulisha kama shemeji, nami nikapunga mkono nikiwa nimeshika beseni. Mwezi wa mwisho sumu ilipanda kichwani. Akasahau Diani, akasahau harusi, akabaki na yale aliyoyaandika kwenye tovuti. Nikiwa namnywesha uji, akanishika mkono akaanza kulia. "Shemeji," akasema, "Celestine alikuwa mwanamke mzuri sana. Hakuna siku alinikosea. Mbona alikufa mapema hivi?"

Nikamwambia, "Elkanah, ni mimi."

Akaniangalia. "Mnafanana kweli. Mnizike kando yake."

Ndoa yetu ilikuwa ya miaka kumi na tano, na hiyo ndiyo siku ya kwanza kumsikia akinisifu. Alimsifu yule aliyeko chini ya udongo, ambaye hayuko. Lile kaburi lilinikasirisha, lakini hayo maneno yalinivunja, na mpaka leo yananiuma. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, akiamini anamfuata mkewe.

Jumanne Boaz na Risper walinijia pamoja. Waliniomba nisome wasifu wa kwenye programu, unaosema marehemu alitanguliwa na mke wake mpendwa, na katika orodha ya walioachwa nimeandikwa shemeji. Risper alipiga magoti. Akasema kastoma watakuwa wanatazama, oda za Krismasi hazijathibitishwa, na wakijua walidanganywa hawatanunua hata ufagio kwetu. Najua. Nimefuma nanyi miaka yote, najua nani ana mtoto sekondari na nani ana mume asiyefanya kazi. Lakini Boaz pia amenunua saruji. Jumatatu fundi anakuja kuyajenga makaburi yote mawili pamoja, lake na langu, na vigae juu. Nikinyamaza leo, nani atanifukua kwenye saruji? Hata Bravin anaanza kuzoea kulifagia hilo kaburi langu.

Kwa hivyo, ninyi vijana wenye majembe, kabla jeneza halijashushwa, nendeni pale kushoto. Ng'oeni ule msalaba mkauchome jikoni. Lile tuta lisawazisheni mpaka kuku wapite. Boaz, usizime simu! Ielekeze pale, halafu ielekeze kwangu. Aliyekuwa akiwatafsiria yuko ndani ya sanduku, lakini hili wataelewa wenyewe. Risper, soko likifa tutatafuta lingine, na ukitaka kunikasirikia, njoo nyumbani unikasirikie, nitakuwepo.

Marehemu ameacha mjane mmoja, Celestine Apondi, mwenye afya njema. Ameacha watoto wawili, Terry na Bravin. Ameacha kaka mmoja, Boaz, na kastoma wengi wa ng'ambo. Aliomba azikwe kando ya mkewe, na mkewe amekataa. Elkanah apumzike kwa amani, na apumzike peke yake.