Kipa wa Mvua ya Mawe

Benchi lenyewe ni la mbao, miguu mitatu ya kwake na wa nne wa tofali, limeegemea ukuta wa duka la cherehani la Marcellin pale Jules Street, Malvern, hatua chache kabla ya robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani. Mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, ndipo anapokaa Mayasa wa Tanga na jiko la mkaa, birika la shaba, finjani kumi na mbili na kashata kwenye sahani. Hapo hakuna amwitaye Mayasa. Ni Mama Tumu asubuhi, Mama Tumu jioni. Jumamosi ile, saa nane kasorobo mchana, Mama Tumu alikuwa na jambo linalomtafuna moyo, lakini wateja wake wangejuaje? Wao walishaanza ubishi.

Walikuwa wanabishania Mvua ya Mawe, timu ya wanawake ya hoki ya barafu. Wasichana wanaolipwa mshahara, hebu fikiria, kwa kuteleza juu ya barafu na fimbo mkononi. Mechi kumi na nne hawajapoteza hata moja, na leo saa kumi ni fainali. Benchi zima lilikuwa linamsema kipa wao, namba thelathini na moja, ambaye wamembatiza jina la Geti kwa sababu hapitishi kitu.

— Huyo Geti ni Mrusi, alisema Parfait wa Bukavu. Parfait analinda maegesho ya magari Marshalltown, na hata siku ya mapumziko kofia ya kazi haivui. — Minaangalia namna anasimama. Muntu wa kwetu hawezi kusimama kwa baridi saa mbili nzima bila kulalamika!

— Acha kamba wewe! alidakia Bakiri. Huyu ni wa Dar, anauza makava ya simu, na wanamwita Handbreki maana finjani moja ya kahawa anaikalia saa nzima, anailamba kama dawa. — Mrusi wapi? Wale ni watu wawili.

— Wawili namna gani?

— Mmoja juu, mmoja chini, nguo moja. Wa juu anazuia ya juu, wa chini anazuia ya chini. Hujiulizi kwa nini hafungwi?

Marcellin, fundi wa Lubumbashi, aliiacha zipu aliyokuwa anaishona. Gauni lilikuwa la Victoire, mama wa Kirundi ambaye ndiyo kwanza afike kijiweni hapo. Aliambiwa dakika tano, na sasa saa nzima imepita, amekaa pembeni ya benchi na mkoba mapajani.

— Kwa vipimo, inawezekana, alisema Marcellin, futi yake ikining'inia shingoni. — Ile nguo kiuno yake iko sentimita mia moja na makumi tano. Banamuke wawili banaingia, na nafasi ya kupumua inabakia.

— Mmeona? Fundi kasema!

— Mna wazimu nyie, alisema Mayasa akimmiminia Parfait. — Mtoto wa watu ni mmoja tu yule.

— Umejuaje, Mama Tumu?

— Nimebahatisha.

Alikuwa hajabahatisha chochote. Geti ni Tumu, mwanawe wa kumzaa. Tumu huyuhuyu anayekuja jioni kumsaidia kuosha vyombo, ambaye hawa wanaume humtuma spaza, kiduka cha mtaani, akawaletee sukari. Kwenye mechi uso wake uko ndani ya kinyago, mgongoni ana namba tu, na vile vipande wanavyovitazama kwenye simu ya Marcellin vimewekewa muziki juu, mtangazaji hasikiki.

Mayasa hakuwaambia. Mwanzoni walivyowacheka wale wasichana mpaka wakashika mbavu, roho ilimuuma. Halafu timu ilipoanza kushinda akaogopa kijicho, kwao jambo jema halitangazwi likiwa bado changa. Walipomuuliza Tumu anafanya kazi gani, alijibu tu kwamba anafanya kazi kwenye baridi. Basi wenyewe wakajipangia kwamba yuko kwenye ghala la kuku wa barafu, wakamhurumia kweli! Marcellin alimshonea jaketi lenye sufi ndani. Parfait anamtafutia kazi ya ulinzi, eti kule angalau kuna hita.

Lakini lililomtafuna leo ni jingine. Mayasa hajawahi kumwona mwanawe akicheza. Mara moja tu, kipupwe kilichopita, alifika mpaka getini pa uwanja wa barafu. Akasikia kile kisahani cheusi cha mpira kikigonga ubao, paa! Akawaza hicho kinamwendea mtoto wake usoni. Akageuka na kurudi Malvern kwa teksi, daladala ya huku, ileile iliyomleta. Leo asubuhi Tumu alimshika mkono akamwambia, "Mama, leo tu. Hata dakika kumi." Naye akajibu, "Kahawa ikiisha mapema, nakuja." Halafu, Mungu amsamehe, akalijaza birika mpaka shingoni.

— Ila kwa sitara, mnakubali? Bakiri alikuwa anaendelea. — Kuanzia kisigino hadi utosi, macho tu. Shehe gani atamkosoa?

— Sikilizeni, minajua siri yake, alisema Marcellin. — Ile mutoto alizaliwa ndani ya friji ya bucha. Baridi kwake iko kama blanketi.

— Eish! Nani anazaa kwenye bucha? alishangaa Parfait.

— Mama yake alikuwa anauza nyama. Uchungu ukamukuta kazini.

— Sasa hapo kwa mama umegusa, alisema Bakiri, akasogea mbele. — Siri ni mama. Huyo mama ni katili. Mtoto tangu mdogo anamrushia masufuria, vijiko, vikombe. Usipodaka, hakuna kula!

— Katili nani? Mayasa alipaza sauti mpaka mkaa ukamtoka kwenye koleo.

— Si mama wa Geti! Wewe kinakuuma nini?

Kilimuuma, tena sana, kwa sababu Bakiri alikuwa karibu na ukweli bila kujua. Kila jioni Mayasa akishaosha finjani humrushia Tumu moja moja, naye huzidaka na kuzipanga kwenye boksi. Toka ana miaka sita, hajavunja hata moja. Na hawa mabwana wameyaona hayo kila siku ya Mungu wakiwa wamekaa palepale!

— Na ninavyowaambia, Bakiri akamalizia, — huyo mama hakosi mechi. Yuko siti ya mbele, anamkodolea mwanawe macho. Mtoto anayetazamwa na mama yake hafungiki. Siku mama asipokuwepo, ndiyo siku watakayomchapa.

Mayasa aliinamia jiko akajifanya anapuliza moto. Macho yalimjaa maji, na moshi haukuwepo.

Ndipo Victoire akakohoa.

— Samahani, baba zangu. Tangu nimekaa hapa munamusema huyo mwana. Anaitwa nani?

— Geti, alisema Parfait.

— Iyo ni ya mulango.

— Namba thelathini na moja, alisema Bakiri.

— Iyo ni namba. Miye nauliza, mama yake alimuita nani?

Marcellin alimtazama Parfait, Parfait akavua kofia, akaivaa tena. Msimu mzima wamemzaa bucha, wamempeleka Urusi, wamemgawa mara mbili, na jina lake hawalijui.

— Tumu, alisema Mayasa.

— Tumu gani? aliuliza Bakiri.

— Tumu wangu. Ninyi mnaniita kwa jina lake tangu asubuhi.

Ilichukua muda kuwaingia. Wa kwanza kuzinduka alikuwa Marcellin.

— Na jaketi? Jaketi ya kuku?

— Analivaa kwenye basi la timu. Analipenda sana, fundi.

— Geti anatuletea sukari, alisema Parfait taratibu, mikono kichwani. — Bwana Yesu! Minamutumaka Geti sukari!

— Mama Tumu, alisema Bakiri, na safari hii alilitamka jina kwa adabu. — Fainali ni saa kumi. Wewe unafanya nini hapa?

— Nimemwambia nitakuja kahawa ikiisha. Haijaisha.

— Umejaza birika makusudi.

Mayasa alisema kwa sauti ndogo:

— Naogopa, Bakiri. Naogopa kuona vile vitu vikimwendea.

Bakiri alilitazama birika. Akaitazama finjani yake, ile aliyoanza nayo saa saba. Akaibugia yote kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo halijapata kuonekana Malvern nzima, akanyoosha mkono.

— Mimina.

— Ya moto hiyo!

— Mimina, nimesema!

Akanywa ya pili, machozi yakamtoka. Marcellin akaacha zipu akanywa tatu mfululizo, huku akipuliza ulimi kwa Kifaransa. Parfait alikunywa kwa finjani mbili, moja kila mkono. Hata Victoire, ambaye kahawa humpandisha mapigo ya moyo, alisogeza finjani akasema yake iwe nusu, halafu akaomba ijazwe. Hakuna aliyegusa kashata, hapakuwa na nafasi. Mwisho Bakiri alilipindua birika juu chini mbele ya kila mtu, na likadondosha masimbi ya kahawa tu.

— Imeisha, alisema kwa sauti ya mtu aliyeungua. — Sasa nenda. Vyombo tutaosha sisi.

— Hamjui kuviosha.

— Tumekuona ukiosha miaka yote. Mmoja anarusha, mmoja anadaka. Sharp, tumeelewana!

Mayasa alifunga mtandio vizuri, akavuka barabara, akasimamisha teksi kwa kidole. Alikuwa ameweka mguu mmoja ndani aliposikia nyuma yake finjani ikipasuka kwenye sakafu ya sementi, paa! na sauti ya Bakiri ikipiga kelele kwamba Parfait amerusha vibaya. Mguu ulisita kidogo pale ngazini. Kisha akapanda na mwingine, akakaa siti ya mbele, na hakugeuka.