Protais Kimenyi, Aliyeletwa kwa Barabara

Ndugu, jamaa na majirani, tangu asubuhi wengi mmeuliza kwa nini fundi wa boti wa Rubona ameletwa hapa makaburini Rugerero kwa gari, wakati kila mtu alijua ameomba apitishwe ziwani. Jibu limo ndani ya maisha yake, nasi watoto wake tutalifikia.

Marehemu Protais Kimenyi alizaliwa tarehe 8 Februari 1958 huko Kibungo, Rwanda, mtoto wa tatu wa Mzee Nziza na Mama Nyiraneza. Familia ilipokimbia, aliingia Tanzania akiwa mgongoni mwa mama yake, na Bibi alisimulia kwamba hata huko mgongoni hakutulia. Mbeleko aliilegeza kwa mateke njia nzima.

Alisoma shule ya msingi Karagwe, kisha akajifunza ufundi wa mitambo Mwanza na kuhitimu mwaka 1979. Mwalimu wake alikata tamaa ya kumkalisha, akamruhusu asikilize masomo amesimama dirishani.

Alifanya kazi katika karakana ya boti huko Mwanza hadi mwaka 1995, familia iliporudi Rwanda na kukaa Rubona. Mwaka 2009 alipata boti yake mwenyewe, akaiita Mwiza. Kazi aliyoijali kuliko zote ilikuwa kukagua bushi, ile inayoishikilia shafti, chuma kirefu kinachozungusha pangaboi, inapotokea nyuma ya boti. Boti ikishapandishwa nchi kavu, aliishika shafti kwa mikono miwili, akaisukuma juu na chini, kulia na kushoto, macho yake yakiangalia kwingine kabisa. Bushi ikiwa nzima, mikono haisikii kitu. Ikiwa imelika, shafti hugonga. Ukipuuza kugonga huko boti hutetemeka, maji huanza kuingia kwa nyuma, na siku moja shafti hukatika mkiwa mbali na ufuko.

Wenye boti walimkasirikia sana.

“Mzee Kimenyi, abiria wamejaa hapa!”

“Basi wana bahati. Bado wako nchi kavu.”

Tarehe 24 Julai 1982 alifunga ndoa na Béata Mukamurenzi, Bukoba. Bibi harusi alifika kanisani kabla ya bwana harusi, ambaye alitokea baadaye na grisi hadi kwenye viwiko, kwa kuwa boti iliyowaleta wageni ilitetemeka na hakuweza kuiacha hivyo. “Nilionyeshwa mapema,” Mama hupenda kusema. “Mlango ulikuwa wazi, ningeweza kukimbia.” Walijaliwa watoto watatu.

Januari mwaka huu tumbo lilianza kumsumbua, na madaktari wakagundua saratani ya ini. Mwezi wa Machi, akiwa amekonda tayari, alitaka Mwiza ipandishwe. Aliishika shafti, akaiachia, akaishika tena. “Imelika. Haishuki majini mpaka ibadilishwe.” Bushi mpya iliagizwa. Haijafika.

Hospitalini aliweka kiganja ukutani akiufuatilia mtetemo wa jenereta. Alimwambia muuguzi Olivia, “Binti, waambie ile mashine inalalamika.”

“Mzee, lala.”

“Nitalala ikinyamaza.”

Ni hapo alipotuomba: siku yake ikifika, apitishwe ziwani ndani ya Mwiza, kutoka Rubona hadi mjini Gisenyi, ndipo aletwe kaburini. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, mkono wake ukiwa bado ukutani.

Siku iliyofuata tulikaa uani kuamua. Mjomba Régis, mdogo wake Mama, alikuwa amevuka kutoka Goma. “Yaya, bon, ni safari moja tu,” alimwambia dada yake. “Ziwa imetulia. Toka Rubona mupaka Gisenyi, chai haiwezi kupoa. Tumupatie mutu ile aliomba.”

Jirani mmoja akatoa boti yake. Mama akamshukuru, akatikisa kichwa. “Huyu hakuwahi kupanda boti bila kwanza kuishika shafti yake. Leo amefungwa sandukuni ndiyo nimpandishe asiyoijua?”

Kisha alijifunga kitenge, akateremka hadi pale Mwiza ilipolala juu ya magogo. Sote tulimfuata. Aliishika shafti kama alivyomwona mumewe akifanya miaka yote ile, akaisukuma juu na chini. Hata sisi tuliosimama kando tuliisikia.

“Inagonga,” alisema.

“Lakini mwenyewe aliomba, Yaya!”

“Aliomba mara moja, Régis. Alikataa maisha yake yote. Na sanduku halipandi peke yake. Ungepanda wewe, na wanangu wangepanda.”

Ndiyo maana amekuja kwa barabara. Hatuwezi kusema mioyo yetu imetulia. Leo gari lilipokuwa likipita kando ya ziwa, kila mmoja wetu aligeuka kuangalia maji, na maji yalikuwa shwari kabisa.

Marehemu ameacha mjane wake Béata, watoto wake Uwera, Kenny na Bella, wajukuu wanne, shemeji yake Régis, na mafundi wa Rubona aliowafundisha na kuwagombeza. Bushi ikifika, Kenny ataifunga, na Mama ataishika shafti kwanza kabla boti haijaguswa na maji.

Apumzike kwa amani mzee wetu asiyejua kukaa. Mwiza haijashuka, na hakuna aliyeipanda.